Banda la Baiskeli za Familia: Panga Pesa, Jenga kwa Awamu

Ukipita Ahero na tambarare za Kano, kaunti ya Kisumu, utaona baiskeli karibu kila boma. Ardhi ni sawa, hakuna milima ya kukutoa jasho, kwa hivyo baiskeli inafanya kazi ya kweli. Baba anaiendea shamba la mpunga. Mama anapakia mboga na kuzipeleka sokoni. Kijana wa sekondari anawahi nayo shule kabla ya kengele ya asubuhi. Hiyo ni baiskeli tatu katika boma moja, na kila moja ina mtu anayeitegemea.

Swali letu la leo ni rahisi: usiku, baiskeli hizo zinalala wapi?

Wengi wetu tunajua jibu. Moja inaingizwa sebuleni na matope yake. Nyingine inaegemezwa ukutani nje. Ya tatu iko chini ya mwembe, na imefunikwa gunia. Jua linapasua tairi na kukausha mpira wa breki. Mvua inaingiza kutu kwenye mnyororo. Halafu kuna yule mgeni wa saa nane usiku ambaye hajaalikwa. Baiskeli ikienda, kesho yake familia inalipa bodaboda, mboga zinachelewa sokoni, na kijana anatembea kwa mguu hadi shule.

Katika somo hili tutakuonyesha jinsi ya kujenga banda dogo la baiskeli tatu, na jinsi ya kulilipia polepole kwa simu bila kuingia deni na bila kutapeliwa. Shika kalamu, twende pamoja.

Hatua ya 1: Pima kwanza, nunua baadaye

Makosa mengi ya mjengo huanzia dukani, pale mtu ananunua mabati kabla ya kujua anahitaji mangapi. Kwa hivyo anza na tepu.

Baiskeli ya mtu mzima, kwa mfano zile nzito tunazoziita Black Mamba, ina urefu wa karibu futi 6, na usukani wake una upana wa karibu futi 2. Ukipanga tatu kando kwa kando, unahitaji futi 6 za upana, na futi 2 zaidi ili mtu apite bila kugonga pedeli. Kwa hivyo banda letu litakuwa na upana wa futi 8 na kina cha futi 7. Mbele litakuwa na urefu wa futi 7 ili mtu mzima aingie bila kuinama. Nyuma litakuwa futi 6. Tofauti hiyo ya futi moja ndiyo inayofanya maji ya mvua yateremke nyuma badala ya kusimama juu ya paa.

Kabla ya kuchagua mahali, zunguka boma lako siku ya mvua. Angalia maji yanasimama wapi na mvua inapiga kutoka upande gani. Mgongo wa banda uelekee huko mvua inakotoka, na mlango uelekee nyumba. Mwizi hapendi mlango unaoonekana kutoka dirisha la chumba cha kulala.

Kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba kwanza na mwelewane kwa maandishi: ukihama, mabati na mbao ni za nani? Kama uko ndani ya mji, pita pia afisi ya kaunti iliyo karibu nawe uulize kama unahitaji kibali. Kuuliza ni bure. Kubomolewa si bure.

Hatua ya 2: Andika orodha ya vifaa

Kwa banda la vipimo hivyo, hii ndiyo orodha yetu:

- Nguzo 5 zilizotiwa dawa: 2 za futi 10 kwa mbele, na 3 za futi 9 kwa nyuma.
- Mbao za inchi 4 kwa 2, futi 18, kwa ajili ya boriti ya mbele na ya nyuma.
- Mbao za inchi 3 kwa 2, futi 30, yaani vipande 3 vya futi 10 vya mteremko wa paa.
- Mbao za inchi 2 kwa 2, futi 36, yaani papi 4 za futi 9 za kugongelea mabati.
- Mabati 4 ya mita 3.
- Saruji mifuko 2 ya kilo 50.
- Mchanga wilbaro 3 na kokoto wilbaro 5.
- Maramu, karibu mita moja ya ujazo, ya kuinua sakafu.
- Mabanzi ya kuzungushia kuta, yaani zile mbao za gamba zinazobaki magogo yakipasuliwa.
- Misumari ya mbao, na misumari ya mabati yenye vifuniko vya mpira.
- Kipande cha nondo, mnyororo mzito na kufuli nzuri.

Neno moja kuhusu mabati. Geji ikiwa nambari kubwa, bati ni jembamba. Geji 32 ni nyepesi kuliko geji 30, na geji 30 ni nyepesi kuliko 28. Kwa hivyo ukiona bei ya chini sana, uliza geji kabla ya kufurahi. Kwa banda dogo kama hili, geji 30 inatosha.

Sasa peleka orodha hii kwa maduka matatu ya vifaa vya ujenzi na uandikiwe bei. Usiseme tu "nipe bei ya banda". Onyesha orodha ileile kila duka, ndipo utaweza kulinganisha. Muulize pia kila mwenye duka gharama ya kufikisha mzigo nyumbani, kwa sababu duka lenye mabati ya bei rahisi linaweza kukumaliza kwa usafiri.

Hatua ya 3: Gawanya mjengo kwa awamu tatu

Hapa ndipo pesa na nyundo vinakutana. Tuchukue mfano wa familia ambayo, baada ya kuzunguka maduka, imepata hesabu hii: vifaa na usafiri shilingi 22,500, na fundi shilingi 4,500. Jumla ni shilingi 27,000. Bei za kwenu zinaweza kuwa juu au chini, kwa hivyo weka nambari zako mahali pa hizi zetu.

Kwanza ongeza akiba ya dharura ya asilimia 10, yaani shilingi 2,700. Mjengo wowote una kitu kilichosahaulika: msumari umeisha, mbao imepasuka, wilbaro imetoboka gurudumu. Sasa lengo ni shilingi 29,700.

Familia hii ina watu wazima watatu wanaoingiza pesa kidogo kidogo. Wamekubaliana kuweka shilingi 50 kila mmoja kwa siku kwenye akiba ya simu. Hiyo ni shilingi 150 kwa siku. Tupige hesabu:

- Akiba ya dharura, shilingi 2,700: siku 18.
- Awamu ya kwanza, nguzo na zege, shilingi 8,000 za vifaa na 1,500 za fundi: kama siku 64.
- Awamu ya pili, paa, shilingi 8,500 za vifaa na 1,500 za fundi: kama siku 67.
- Awamu ya tatu, sakafu, kuta na kufuli, shilingi 6,000 za vifaa na 1,500 za fundi: siku 50.

Kwa jumla ni siku 198. Wakianza kuweka katikati ya Machi, akiba ya dharura imejaa mwanzoni mwa Aprili, na nguzo zinasimamishwa mwanzoni mwa Juni mvua ndefu zikiwa zimepungua. Paa linawekwa Agosti. Kazi inaisha mwishoni mwa Septemba, kabla ya vuli ya Oktoba. Na hakuna siku hata moja ambayo mtu alilala njaa kwa sababu ya banda.

Mbona tusikope tu tumalize wiki moja? Tunauliza swali hilo sisi wenyewe, na jibu letu ni hili: mkopo wa simu wa siku 30 unafaa kitu kinachorudisha pesa ndani ya siku 30. Banda linalinda pesa, lakini halikuletei pesa mwezi huo. Ukikopa 29,700 na uwezo wako ni 150 kwa siku, baada ya siku 30 utakuwa umeweka shilingi 4,500 tu. Hiyo nyingine itatoka wapi? Mara nyingi itatoka kwa kuuza baiskeli moja, na hapo tutakuwa tumejenga banda la kitu ambacho hatuna.

Ushauri mdogo: weka akiba hii mbali na salio la kila siku. Fungua lengo lake kwenye menyu ya akiba ya simu yako na ulipe jina, kwa mfano "Banda". Pesa yenye jina hailiwi ovyo.

Hatua ya 4: Nguzo na zege

Pima mstatili wa futi 8 kwa 7 na utie vigingi pembeni. Kuhakikisha pembe ziko sawa, pima kutoka pembe moja hadi ile iliyo mkabala, kisha pima pembe zile nyingine mbili. Vipimo hivyo viwili vikilingana, mstatili wako umenyooka.

Chimba mashimo 5: manne kwenye pembe, na moja katikati ya upande wa nyuma. Kila shimo liwe na upana wa futi 1 kila upande na kina cha futi 2 na nusu. Sehemu kubwa ya tambarare za Kano ina udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Udongo huo husukuma nguzo. Ukichimba na ukute chini udongo mgumu usiopasuka, endelea hadi uufikie hata kama ni inchi kadhaa zaidi. Hapo usihurumie jembe.

Simamisha nguzo, zinyooshe kwa pima maji, kisha mwaga zege la saruji sehemu 1, mchanga 2 na kokoto 4. Juu ya ardhi, zege liinuke kidogo na literemke pande zote ili maji yasisimame kwenye mguu wa nguzo. Ukiwa bado na zege, chukua ile nondo, ikunje kama herufi U, na uzamishe ncha zake ndani ya zege la nguzo ya katikati nyuma. Hapo ndipo mnyororo wa baiskeli utafungwa.

Mwagilia zege maji asubuhi na jioni kwa siku 7, na usigonge kitu juu ya nguzo kabla ya siku hizo kuisha. Fundi mwenye haraka atakwambia kesho tunaweka boriti. Mwambie asante, akapumzike.

Hatua ya 5: Paa, sakafu na kuta

Boriti za inchi 4 kwa 2 hulazwa juu ya nguzo, moja mbele na moja nyuma, zikitokeza nusu futi kila upande. Juu yake lala mbao tatu za mteremko, kisha papi nne, halafu mabati. Mabati yapandane wimbi moja na nusu, na msumari upigwe juu ya mgongo wa wimbi. Ukiupiga kwenye bonde, maji yatapita palepale. Paa litokeze karibu futi moja na nusu mbele ili mvua isipige usukani.

Sakafu iinuliwe kwa maramu hadi inchi 6 juu ya ardhi, ishindiliwe vizuri. Kando ya banda chimba mfereji mdogo wa kuondoa maji ya paa. Tambarare hizi zinajua mafuriko, na baiskeli iliyosimama majini wiki moja inaharibika kuliko iliyonyeshewa mwezi mzima.

Kuta za mabanzi ziachiwe nafasi ya vidole viwili kati ya ubao na ubao. Hewa inapita, kutu inapungua, na wewe unaweza kuona baiskeli ukiwa nje. Ubao wa chini kabisa usiguse udongo, maana mchwa hahitaji mwaliko.

Jinsi ya kufunga: pitisha mnyororo kwenye fremu na gurudumu la nyuma la kila baiskeli, kisha kwenye ile nondo. Ukifunga gurudumu la mbele peke yake, mwizi atakuachia gurudumu hilo kama kumbukumbu.

Hatua ya 6: Lipa kwa simu bila kutapeliwa

Umeweka akiba miezi sita. Usiipoteze kwa dakika moja. Haya ndiyo tunayokuomba uyashike.

Lipa duka kwenye nambari ya tili ya duka. Nambari ya tili huonyesha jina la biashara, na ujumbe wako wa malipo unakuwa risiti. Ukilipa nambari ya mtu binafsi, halafu mabati yakose kufika, una kazi ya kuthibitisha kwamba ulikuwa unalipa duka.

Soma jina kabla ya kuthibitisha. Simu inapokuonyesha jina la mpokeaji, simama. Kama unamlipa fundi unayemjua kwa jina fulani na simu inaonyesha jina lingine, ghairi kwanza, uliza baadaye. Fundi akikwambia simu yake ina shida, tuma kwa shemeji, mwambie utamlipa simu yake ikipona. Pesa ikienda kwa shemeji, kazi nayo inaweza kumfuata huko.

Mlipe fundi kwa kazi iliyoonekana. Katika mfano wetu, shilingi 4,500 zimegawanywa mara tatu: 1,500 nguzo zikisimama sawa, 1,500 paa likikamilika, na 1,500 mlango ukifungwa kwa kufuli. Mwandike kwenye karatasi, nyote mtie sahihi, na kila mmoja abaki na picha yake kwenye simu. Fundi mzuri hataudhika, kwa sababu karatasi hiyo inamlinda yeye pia.

Usilipie mabati ya mtandaoni kabla ya kuyaona. Picha ni nzuri, bei ni ya kutupa, na "mzigo uko njiani, tuma ya mafuta". Ukishatuma ya mafuta, itakuja ya ushuru, halafu ya dereva. Lipa mzigo ukiwa mbele yako na umehesabiwa.

Ukiwa wewe ndiwe unayepokea pesa, kwa mfano mnachangishana nyumbani, angalia salio lako mwenyewe. Ujumbe wa maandishi unaweza kuigizwa. Salio haliigizwi. Na nambari yako ya siri haiulizwi na fundi, wala duka, wala sisi.

Hesabu ada. Malipo madogo kumi yanaweza kukugharimu ada zaidi ya malipo makubwa moja, na kutoa pesa kwa wakala kisha kulipa taslimu pia kuna ada yake. Angalia jedwali la ada kwenye menyu kabla ya kuamua, halafu nunua vifaa vya awamu moja kwa pamoja.

Kabla hujafunga kufuli

Bado kuna kazi ya dakika tano. Geuza kila baiskeli juu chini. Kwa baiskeli nyingi, utaona nambari imegongwa kwenye fremu chini ya pedeli. Ipige picha, na upige picha ya baiskeli nzima. Hifadhi picha hizo pamoja na ujumbe wa malipo ya siku ulipoinunua. Baiskeli ikipotea na ipatikane kituo cha polisi katikati ya nyingine kumi zinazofanana, nambari hiyo na ujumbe huo ndivyo vitakavyokusemea.

Sasa zamu yako. Leo jioni, kaeni nyumbani mjibu maswali matatu: baiskeli zetu ni ngapi, kila mmoja anaweza kuweka ngapi kwa siku bila kujiumiza, na mvua ijayo inaanza lini? Ukishapata majibu, fungua lengo la akiba, weka shilingi ya kwanza, na upime uwanja kesho asubuhi. Ukikwama kwenye hatua yoyote ya malipo, pigia huduma kwa wateja kwa nambari iliyo kwenye menyu ya simu yako, usitumie ile uliyotumiwa na mtu usiyemjua.

Baiskeli imewabeba muda mrefu. Nayo ipate pa kulala.